Somo la Tano: Kuchuja Barua Pepe ili Kulinda Kifurushi cha Data

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma za mawasiliano ataweza:

(a) kueleza kwa nini barua pepe mbili zenye maneno yaleyale zinaweza kutofautiana sana kwa ukubwa;
(b) kutofautisha chujio linalookoa data na lile linalosafisha tu kikasha;
(c) kupanga simu au kompyuta yake ili asilipie barua asizozihitaji, na
(d) kuzitambua haki zake dhidi ya matangazo yasiyoombwa.

Nani hulipa nauli ya barua?

Barua inayopitia posta hulipiwa na mtumaji. Yeye ndiye anayenunua stempu, na bahasha ikizidi uzito, yeye ndiye anayeongeza fedha. Mpokeaji hufungua sanduku lake, huchukua kilichomo na kwenda zake. Ada ya sanduku ni ileile, awe amepata barua moja au mia moja.

Utaratibu wa barua pepe ni tofauti. Barua hutoka kwa mtumaji na kuhifadhiwa katika seva, yaani kompyuta kubwa ya mtoa huduma ya barua pepe. Hapo husubiri mpaka simu au kompyuta ya mpokeaji ije kuichukua. Safari ya kwanza hulipiwa na mtumaji, na ya pili hulipiwa na mpokeaji kwa data yake mwenyewe. Anayetangaza bidhaa huandaa barua moja na orodha ya anwani. Kama orodha ina watu elfu kumi, nakala elfu kumi hupakuliwa, na kila anayepakua hulipia yake. Kwa hiyo mtu usiyemfahamu anaweza kutumia sehemu ya kifurushi chako, au bando kama wengi wetu tunavyoliita, bila kukuomba ruhusa.

Tatizo hili halikuanza jana. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, aliandaa tangazo moja la biashara na kulituma kwa watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Anwani zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kwa ajili yake, hata nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wapokeaji walilalamika. Tukio hilo ndilo linalotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa barua taka, yaani barua za wingi zinazotumwa kwa watu wasioziomba.

Mwili wa barua na mavazi yake

Ili kujua data inakwenda wapi, ni vyema tuitazame barua pepe kwa ndani. Kila barua ina vichwa, navyo ni jina la mtumaji, anwani ya mpokeaji, tarehe, na mstari wa mada, ule ambao katika barua za ofisini huanza na neno YAH. Baada ya vichwa hufuata maandishi, na baada ya maandishi huweza kufuata viambatisho.

Hapo awali maandishi yalikuwa herufi tupu. Mwaka 1992 ulitolewa utaratibu uitwao MIME, uliosanifiwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, ambao uliwezesha barua moja kubeba picha, sauti, viambatisho na herufi za lugha mbalimbali. Baadaye ikawa kawaida barua kuandikwa kwa HTML, lugha ileile inayotumika kutengeneza kurasa za tovuti. Hapo ndipo barua zilipoanza kuwa na rangi, majedwali, vitufe na nembo. Katika somo hili, barua ya namna hiyo tutaiita barua iliyopambwa, na ile ya herufi tupu tutaiita barua ya maandishi matupu.

Mapambo huongeza uzito kwa njia nne.

Kwanza, maelekezo ya mapambo yenyewe ni maandishi. Kila rangi, kila mstari na kila kitufe huandikiwa maelekezo ambayo msomaji hayaoni, lakini simu yake huyapakua. Katika tangazo la kawaida, maelekezo hayo huweza kuwa marefu kuliko ujumbe wenyewe.

Pili, barua nyingi zilizopambwa hubeba ujumbe mara mbili: nakala moja ya maandishi matupu na nakala nyingine ya HTML, ili kila programu ichague inayoiweza. Msomaji huona nakala moja, na mara nyingi hupakua zote mbili.

Tatu, picha na viambatisho vilivyofungwa ndani ya barua hugeuzwa kuwa herufi ili viweze kusafiri. Utaratibu unaotumika zaidi hugeuza kila baiti tatu kuwa herufi nne. Kwa sababu hiyo, picha ya kilobaiti 300 husafiri ikiwa na kilobaiti 400 na ushee. Theluthi hiyo ya ziada haina manufaa yoyote kwa msomaji.

Nne, zipo picha ambazo hazimo ndani ya barua. Barua hubeba kiungo tu, na picha yenyewe hukaa katika seva ya mtangazaji. Mara unapoifungua barua, simu huenda kuichukua. Baadhi ya picha hizo ni kitone kimoja kisichoonekana kwa macho. Kazi yake ni kumjulisha mtumaji kwamba barua yake imefunguliwa, na kwa hiyo anwani yako ina mtu anayeitumia.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya kujifunza hesabu. Mtumiaji hupokea barua 40 kwa siku. Kati ya hizo, 10 zimetoka kwa watu anaofahamiana nao, na ni za maandishi matupu zenye kilobaiti 8 kila moja. Barua 30 zilizobaki ni matangazo yaliyopambwa. Kila tangazo lina kilobaiti 60 za maandishi na maelekezo, pamoja na kilobaiti 400 za picha zinazochukuliwa barua inapofunguliwa.

Barua za watu anaowafahamu zitatumia kilobaiti 80 kwa siku, sawa na megabaiti 2.4 kwa siku 30.

Matangazo, kama atayafungua yote pamoja na picha zake, yatatumia megabaiti 13.8 kwa siku, sawa na megabaiti 414 kwa siku 30.

Akizuia picha peke yake, matangazo hayo yatashuka hadi megabaiti 1.8 kwa siku, sawa na megabaiti 54 kwa siku 30.

Akizuia picha na pia akajiondoa katika orodha nyingi, akabakiwa na matangazo 5 kwa siku, matumizi yatakuwa megabaiti 9 kwa siku 30.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojaa ni cha mtangazaji. Kwa anayetazama video kila siku, megabaiti 414 huenda zisionekane kubwa. Lakini kwa anayenunua kifurushi kidogo kwa siku au kwa wiki, kwa shule ambayo walimu wote hutumia muunganisho mmoja, au kwa msafiri anayetumia laini yake nje ya nchi, tofauti hiyo inaweza kuamua iwapo fomu ya maombi ya kazi itatumwa leo au itasubiri kifurushi kingine.

Chujio liko wapi?

Hili ndilo jambo kuu katika somo hili. Watumiaji wengi huamini kwamba, kwa kuwa matangazo hayaonekani tena katika kikasha, basi data imeokolewa. Si lazima iwe hivyo. Chujio linaweza kukaa mahali pawili, na matokeo hayafanani.

Chujio la kwanza hukaa katika seva. Barua inapofika huko hukaguliwa kabla simu yako haijaigusa. Ikionekana kuwa taka, huwekwa pembeni au hufutwa, na kwa kawaida simu haiipakui mpaka wewe mwenyewe uifuate.

Chujio la pili hukaa katika simu au kompyuta yako. Mara nyingi hilo hupokea barua kwanza, huisoma, kisha huihamishia kwenye kasha la taka. Kikasha kitakuwa safi, lakini nauli imekwisha kulipwa. Ni sawa na kutwishwa mzigo posta, kuubeba kwa miguu hadi nyumbani, kisha kuutupa jalalani.

Namna simu inavyochukua barua nayo ina uzito wake. Utaratibu wa zamani uitwao POP, kwa kawaida, hupakua barua nzima moja baada ya nyingine. Utaratibu wa IMAP huiwezesha programu kuchukua vichwa kwanza, kisha kuchukua maandishi au kiambatisho pale tu kinapotakiwa. Kwa anayejali data, IMAP iliyopangwa vizuri ni bora kuliko POP iliyoachwa ilivyo.

Hatua za kuchukua

Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa mpangilio huu, kwa sababu zile za mwanzo huokoa zaidi kwa juhudi ndogo zaidi.

1. Zuia picha. Fungua mipangilio ya programu yako ya barua pepe, tafuta sehemu ya picha, kisha chagua kuulizwa kabla picha hazijaonyeshwa. Katika programu ya Gmail ya simu, chaguo hilo hupatikana ndani ya mipangilio ya kila akaunti. Katika kompyuta, programu ya Thunderbird huzuia picha za mbali bila kuagizwa, na unaweza pia kuiamuru ionyeshe barua zote kwa maandishi matupu. Barua ambayo picha zake unazihitaji utazifungua kwa kubonyeza mara moja. Hata hivyo, kuonyesha maandishi matupu hakupunguzi data ya barua ambayo imekwisha kupakuliwa; kinachookolewa ni picha za mbali.

2. Jiondoe katika orodha unazozifahamu. Kama ulijiandikisha mwenyewe dukani, chuoni au kwenye tovuti ya ajira na sasa huhitaji tena, tumia kiungo cha kujiondoa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimewawekea masharti watumaji wa barua za wingi. Miongoni mwa masharti hayo ni kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa anayedai kuituma, na kuwapa wapokeaji wa matangazo njia rahisi ya kujiondoa. Ndiyo maana katika barua nyingi utaona kitufe cha kujiondoa karibu na jina la mtumaji.

3. Usijiondoe kwa mtu usiyemfahamu. Mtumaji ambaye hukuwahi kumpa anwani yako anaweza kukitumia kiungo hicho kuhakikisha kwamba anwani ina mwenyewe, au kukupeleka kwenye tovuti ya kitapeli. Barua kama hiyo usiifungue. Iwekee alama ya taka. Machujio ya kisasa hujifunza kutokana na alama hizo: hulinganisha maneno, watumaji na viungo vya barua zilizokataliwa na wapokeaji, kisha hukadiria uwezekano wa barua mpya kuwa taka.

4. Tunga kanuni katika seva. Ingia katika akaunti yako kwa kutumia kivinjari, si programu ya simu, kisha tafuta sehemu ya machujio au kanuni. Agiza kwamba barua kutoka anwani fulani zifutwe, au zihamishiwe kwenye kasha jingine bila kupitia kikasha. Kanuni iliyotungwa hapo hufanya kazi hata simu yako ikiwa imezimwa.

5. Weka kikomo cha ukubwa na cha siku. Programu nyingi hukuruhusu kuchagua barua za siku ngapi zihifadhiwe katika simu. Punguza siku hizo. Zima upakuaji wa viambatisho usiosubiri amri yako, au uruhusu ufanyike kwenye Wi-Fi pekee. Kama unatumia POP katika Thunderbird, unaweza kuagiza vipakuliwe vichwa tu, au barua zinazozidi ukubwa fulani zisipakuliwe nzima.

6. Punguza kazi ya chinichini. Programu ya barua inayokwenda kwenye seva kila baada ya dakika chache hutumia data hata pasipo na barua mpya. Kama barua zako si za haraka, agiza zichukuliwe mara chache, au pale unapoifungua programu. Kiokoa data cha simu za Android husaidia kwa kuzuia programu zisizo mbele ya macho yako.

Tahadhari: chujio lisimeze barua njema

Chujio hufanya makadirio, na makadirio hukosea. Wito wa usaili, taarifa ya mkopo wa masomo, jibu la zabuni au ankara halali vinaweza kuangukia katika kasha la taka, hasa vikitoka kwa mtumaji anayekuandikia kwa mara ya kwanza. Hasara ya kukosa barua moja ya namna hiyo ni kubwa kuliko megabaiti zote ulizookoa katika mwezi.

Kwa hiyo tunakushauri mambo matatu. Pitia kasha la taka angalau mara moja kwa wiki ukisoma majina ya watumaji na mistari ya mada bila kufungua barua zenyewe. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa baadhi ya huduma, ikiwemo Gmail, hufuta barua za kasha hilo baada ya siku 30. Pili, anwani za watu na ofisi unazozitegemea ziingize katika orodha yako ya anwani, na ukikuta barua njema katika taka, iondolee alama hiyo ili chujio lijifunze. Tatu, kanuni ya kufuta kabisa itumie kwa anwani mahususi tu. Usiagize kufutwa kwa kila barua yenye neno kama “mkopo” au “ofa”, kwa sababu ipo siku neno hilo litaandikwa na mtu unayemhitaji.

Haki zako

Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaweka masharti kwa anayetuma matangazo ya biashara yasiyoombwa, yakiwemo ridhaa ya mlaji, kujulisha mtumaji ni nani na lengo lake ni nini, na kumpa mpokeaji nafasi ya kukataa matangazo zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inagusa ujumbe usioombwa unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara yanayoelekezwa kwako.

Kama kampuni iliyopo nchini inaendelea kukutumia matangazo baada ya kuikataza, hifadhi barua zake pamoja na tarehe, andika malalamiko kwa kampuni hiyo kwanza, na usiporidhika yafikishe katika mamlaka husika. Barua ulizohifadhi ndizo ushahidi wako, hivyo usizifute mpaka shauri limalizike. Ni kweli pia kwamba barua taka nyingi hutumwa kutoka nje ya mipaka yetu, mahali ambapo kumfikia mtumaji ni kazi ngumu. Hiyo ndiyo sababu tunasisitiza chujio pamoja na sheria. Sheria humwajibisha mtumaji anayejulikana, na chujio hukukinga na yule asiyejulikana.

Wewe nawe ni mtumaji

Mtumiaji anayelalamikia uzito wa barua anazopokea hana budi kuzipima anazotuma. Jibu la maneno mawili, “Nimepokea, asante”, linaweza kubeba nembo ya ofisi, picha ya mtumaji na barua zote zilizotangulia. Likitumwa kwa watu 25 waliomo katika orodha, mzigo huo huzidishwa mara 25, na kila mmoja hulipia wa kwake.

Andika kwa maandishi matupu pale ambapo mapambo hayaongezi maana. Jibu mtu anayehusika, si orodha nzima. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuiambatisha, na kama waraka ni mkubwa, tuma kiungo ili anayeuhitaji pekee aupakue. Tangazo la mkutano wa kijiji au la kikao cha wazazi linaloandikwa ndani ya barua yenyewe husomwa na watu wengi zaidi kuliko lililopigwa picha na kuambatishwa, kwa sababu hata mwenye data kidogo ataweza kulifungua.

Maswali ya kujipima

1. Kiambatisho chenye kilobaiti 600 kitasafiri kikiwa na takriban kilobaiti ngapi? Eleza kwa nini.
2. Jirani yako anasema kwamba programu ya simu yake huhamishia matangazo yote kwenye kasha la taka, lakini data yake bado inakwisha upesi. Utamweleza nini?
3. Fungua kikasha chako leo na uhesabu barua 20 za mwisho. Ni ngapi uliziomba? Ni ngapi ulizisoma? Ni watumaji gani watatu utakaoanza kujiondoa kwao?
4. Taja barua tatu ambazo ungeumia kuzikosa mwezi huu, kisha hakikisha kwamba anwani za watumaji wake zimo katika orodha yako.